Kufumba na Kufumbua

Yule kijana wa duka la Kariakoo aliniamkia vizuri, kisha akaingia moja kwa moja kwenye megapikseli. "Hii sita, mzee wangu. Hii kumi." Nikamwacha amalize. Mimi nilikuwa nimekwenda na lenzi zangu mbili, ya milimita 50 na ya milimita 105, nimezifunga kwenye kipande cha kanga. Nikazifungua juu ya kaunta, nikamwambia alete kamera tuone ni ipi itakayozikubali.

Lenzi hizo zilikuwa zimehudhuria harusi nyingi kuliko mimi nilivyowahi kualikwa, zikiwa kwenye Nikon FM2, kamera iliyotoka 1982 na ambayo haihitaji umeme kwa lolote ila kipima mwanga. Vibetri viwili mfano wa vifungo vya shati; vikifa, kazi inaendelea. Mwaka 2006, mgao wa umeme ulipotubana, wenzangu waliotangulia kwenye dijitali walikuwa wakizunguka kutafuta penye jenereta wachaji betri, nami nikiwacheka. Mwaka uliofuata mashine niliyozoea kupelekea filamu zangu zikasafishwe ilizimwa kabisa. Kicheko kikaisha.

Nikon haijabadili umbo la mdomo wa kamera zake hizi za kioo tangu 1959. Ndiyo maana lenzi zangu zilipoingia kwenye D70, ile ya megapikseli sita, zilibana kwa ule mlio ninaoufahamu. Ila kuingia si kuelewana: kipima mwanga kilikaa kimya. Ikaletwa D200. Hiyo unaingia kwenye menyu, unaiambia urefu wa lenzi na upana wa tundu lake, nayo inapima. Kijana mwenyewe hakuwa akilijua hilo. Tuligundua pamoja, tumeinamia kijitabu. Kamera ilikuwa imeshatumika na bado bei yake iliniuma. Kuhusu hizo megapikseli kumi, picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 inatosheka na mbili na ushee. Zilizobaki ni za kutambia.

Mpwa wangu alinishangaa. Kwa nini nisinunue zile ndogo za mfukoni, ambazo picha unaiona kwenye skrini ya nyuma kabla hujapiga? Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo: nilitaka kamera inayofumba jicho.

Ndani ya kamera ya namna hii kuna kioo kimekaa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unakigonga, unapanda juu, unageuzwa geuzwa mpaka unafika jichoni pako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, tundu la kuchungulia linaingia giza, pazia linafunguka na kufunga, kioo kinarudi mahali pake. Yaani picha iliyoingia ndiyo hiyo tu ambayo mpiga picha hakuiona. Ukiliona tabasamu tunduni, ujue limekwisha kukupita.

Basi fundi hapigi anachokiona, anapiga kinachokuja. Wakati wa akdi watu wote hutazama midomo ya bwana harusi, wasikie kama atayatamka maneno sawasawa. Mimi hutazama mabega. Yanapanda tangu anaposhikwa mkono, yanaganda pale pale muda wote wa kutamkishwa, na likishatoka neno la mwisho yanashuka yote mawili, kama mtu aliyetua gunia. Hapo ndipo uso hufunguka. Kidole kikingoja uso, kimechelewa. Sharti kitangulie na mabega. Hilo halimo kwenye kijitabu cha kamera yoyote, na niliporudi nyumbani na D200 nililikuta mkononi pangu vile vile, halijapungua.

Mengine yalipungua. FM2 ilikuwa na uchawi wa kukata watu pua: katikati ya tundu kuna kiduara kinachogawa sura vipande viwili, cha juu na cha chini, nawe unazungusha lenzi taratibu mpaka pua iungane. D200 haina kiduara hicho. Ina nukta ya kijani chini pembeni, inayowaka lenzi ikikaa sawa. Kuunganisha pua kulikuwa na utamu wake. Nukta ni nukta. Na ile lenzi ya 50, kwa kuwa kihisi cha ndani ni kidogo kuliko filamu, sasa inabana kama ya 75. Chumba kilichokuwa kinanitosha, leo nagongana na ukuta.

Kilichonitesa zaidi ni kanzu. Filamu ya negativu haina ugomvi na mwanga uliozidi. Nilikuwa naongeza kidogo ili nyuso zetu zisifukiwe na giza, na weupe wa kanzu ukirudishwa wakati wa kuchapa. Nilipofanya hivyo kwa dijitali, kanzu ilitoka kama kipande cha karatasi, darizi za shingoni zimefutika zote, na hakuna kompyuta ya kuzirudisha. Ikabidi nigeuze desturi ya miaka: kwanza naihifadhi kanzu, uso nitauinua baadaye.

Halafu ile skrini. Harusi ya kwanza niliinama kuitazama kila baada ya pigo moja, kama kuku anayekunywa maji. Bibi harusi alipotolewa ndani, mama yake alimwekea kiganja shavuni, mara moja tu, akakiondoa. Nilikuwa nimeinama.

Usiku ule niliingia kwenye menyu nikaizima ile picha inayojitokeza yenyewe. Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye korido ya nyumba nyingine, vigelegele vikisogea kutoka chumbani, kidole kikiwa tayari. Kioo kikaruka, giza, kikarudi. Bibi mmoja aliyekuwa amesimama karibu yangu akanishika kiwiko.

"Imetoka, mwanangu?"

"Imetoka, bibi," nikamwambia. Sikuwa nimeiona.