Kuipima Picha ya Msitu ya Kiholanzi

Picha ya msitu huanza kupimwa chini, pale shina linapoingia ardhini. Mchoraji dhaifu husimamisha mti kama mlingoti uliochomekwa mchangani. Fundi huonyesha mizizi iliyokaza, udongo uliovimba pembeni, na shina lililopinda kwa uzito wa matawi. Mkazi wa Tezo, pwani ya Kenya, aliyekulia chini ya mikorosho ambayo matawi yake yanagusa ardhi, ana jicho la kutosha kuanzia hapo.

Zamani, katika michoro ya Ulaya, miti ilikuwa pambo nyuma ya watakatifu. Gillis van Coninxloo, mzaliwa wa Antwerp aliyehama kwa ajili ya dini na kufika Amsterdam mwaka 1595, aliusogeza msitu mbele, na binadamu akabaki kitu kidogo ndani yake. Nusu karne baadaye alisimama Jacob van Ruisdael wa Haarlem, ambaye ndiye kipimo cha wengine wote. Wanunuzi wao hawakuwa makanisa. Walikuwa wafanyabiashara na watu wa mjini waliotundika picha sebuleni.

Baada ya mizizi hutazamwa majani. Mwigaji hupiga doa lilelile la brashi kutoka tawi hadi tawi, na mti wote ukawa sufi. Katika kazi ya Ruisdael mwaloni ni mwaloni: jani, gome na namna tawi linavyovunjika havifanani na vya mti wa jirani yake.

Mwanga ndio mtihani mgumu. Anayeujua msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwa Tezo, anajua kwamba kwenye miti ya mirihi inayoota katika mchanga mweupe jua hupenya na kuanguka kwa mabaka, ilhali kwenye udongo mwekundu, miti inakosongamana, kiza hutanda mchana. Picha nayo ihojiwe hivyo hivyo. Kila baka la jua chini liwe na uwazi wake juu, na vivuli vyote vilale upande mmoja. Baka lisilo na mlango wa kuingilia limewekwa kwa kupamba tu.

Hata hivyo, uhalisi si kunakili. Ruisdael aliiona ngome ya Bentheim, Ujerumani, ikiwa juu ya kilima cha kawaida, akaichora juu ya mlima. Picha hizi zilitungwa karakanani kutokana na michoro ya safarini. Kinachodaiwa ni kwamba mlima huo uliotungwa usimame imara.

Umri nao usihesabiwe kuwa kosa. Wachoraji wengi walipata kijani kwa kuchanganya buluu na manjano. Manjano ya mimea hupauka kwa mwanga, na majani hubaki na ubuluu wa ajabu. Vanishi kuukuu hufanya kinyume chake: hugeuka manjano na kufunika mbingu. Watu wadogo njiani pia hupotosha hukumu, kwani mara nyingi walichorwa na mkono mwingine, kama wa Adriaen van de Velde. Saini itazamwe mwisho kabisa. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuongezwa baadaye.

Jambo gumu kuliona ni kile kilichoondolewa. Meindert Hobbema, mwanafunzi wa Ruisdael, alipata kazi ya kupima mvinyo Amsterdam mwaka 1668, na tangu hapo akachora kidogo. Mwaka 1689 alichora barabara ya Middelharnis, picha iliyoko National Gallery, London: njia imenyooka kutoka ukingo wa mbele, miti myembamba iliyopogolewa imebaki na vishungi juu, mwindaji anakuja na mbwa wake, na upande wa kulia mtu anahudumia miche. Eksirei imeonyesha kwamba pande zote mbili za mbele kulikuwa na miti, naye akaifunika kwa rangi. Ingebaki, njia ingezibwa mlangoni na mbingu ile pana ingepungua.