Faraja ya Vijana Waliofiwa katika Chozi la Heri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna sentensi inayojirudia katika insha nyingi kuhusu riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei: Umulkheri ni mvumilivu. Si kosa, ila ni jibu nusu. Anayeishia hapo amesifu ukimya wa mtoto bila kuuliza ni nani aliyemsikiliza.

Tuitazame hali yake. Mama yake, Naomi, anaiacha familia. Baba yake, Lunga, anafariki. Kisha Sauna, mtumishi wa nyumbani, anatoweka na wadogo zake, Dick na Mwaliko. Baba ana kaburi. Mama na ndugu hawana. Msiba wa namna hii hauna matanga. Hakuna jirani anayekuja kuketi na mfiwa, wala siku ambayo kilio huanuliwa.

Linganisha na Ridhaa, daktari aliyeteketezewa jamaa zake. Riwaya inapoanza tunamwona peke yake mbele ya magofu, akijisemea. Mbinu hapo ni uzungumzi nafsi: mtu mzima analia na nafsi yake. Vijana wa Shule ya Tangamano wamepewa njia nyingine. Umu, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema wanasimuliana.

Sote tumezoea kuiita sehemu hii mbinu rejeshi na kusonga mbele. Mtahiniwa makini ataongeza kwamba hapa mbinu imebeba maudhui. Chandachema, aliyelelewa na nyanya yake hadi nyanya huyo akaaga dunia, hampi Umu mawaidha ya kujikaza. Anampa kisa chake. Kila mmoja akisimulia, mwenzake anagundua kuwa hakuteuliwa na mikosi peke yake. Jina la shule halikutolewa bure: wafiwa wanatangamana.

Hata familia inayompanga Umu ni ya wafiwa. Mwangeka alifiwa na mkewe na mtoto. Apondi alikuwa mjane. Wanaompokea wanajua uzito wa anachobeba.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu wake. Sadfa imetegemewa mno. Umu anakutana na Dick katika uwanja wa ndege, na Mwaliko naye anapatikana. Mwanafunzi aliyefiwa, anayetusikiliza darasani, hana ahadi kama hiyo, na tusimpe. Tunachoweza kumhakikishia ni kile cha Tangamano: kuwepo kwa mtu wa kumsikiliza.

Kwa hivyo, mwalimu, unapofundisha sura hizi, usimtake aliyefiwa atoe mfano wa maisha yake mbele ya wenzake. Mwache aseme kupitia Umu. Akitaka zaidi, zungumza naye faraghani, kisha umfikishe kwa mwalimu wa mwongozo na ushauri. Nawe mtahiniwa, ukilemewa, mtafute rafiki au mwalimu unayemwamini. Nchini Kenya pia kuna simu ya watoto, nambari 116, isiyotozwa malipo. Uvumilivu haukatazi kuongea.

Riwaya hii ilitahiniwa katika KCSE hadi 2022, lakini swali lake linafaa kitabu chochote chenye mhusika yatima: je, nani anamsikiliza?

Zoezi
“Kusimuliana ni tiba.” Thibitisha kauli hii ukirejelea wahusika vijana katika Chozi la Heri. (alama 20)