Mwana Kupona na Nadharia za Ujamiishaji: Binti Alifunzwa Nini?

Mwalimu mwenzangu, aghalabu Utendi wa Mwana Kupona hufundishwa kama orodha ya wajibu wa mke. Mwanafunzi hunakili maudhui: dini, adabu, usafi wa nyumba, utiifu kwa mume. Kisha hutakiwa aamue iwapo mtunzi anamkandamiza mwanamke. Swali hilo lina uzito wake, ila linatuficha jingine: je, mtoto hujifunza kwa kuambiwa tu?

Ukiutazama utendi huu kwa jicho la B. F. Skinner, utaona unategemea tuzo na adhabu. Radhi za mume zimefungamanishwa na pepo. Hapo hapana utata, nasi tusikawie. Anayetufaa zaidi ni Albert Bandura. Mwaka wa 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, watoto walioshuhudia mtu mzima akimpiga mwanasesere walimwiga pasipo kuagizwa na yeyote. Kwa mujibu wa Bandura, mtoto hufuata kielelezo kilicho mbele ya macho yake.

Sasa rejea mwanzo wa utendi. Mnamo mwaka wa 1858, mama mgonjwa anamwita bintiye, Mwana Hashima, alete karatasi na wino. Mama huyu ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka wa 1856. Binti anamwona nani? Anamwona mwanamke ajuaye kutunga, anayetoa ndoa yake mwenyewe kuwa ushahidi, tena anayewaita wanawake wengine waje wasome. Kauli yasema tii. Kielelezo chasema andika. Mvutano huu ndio uhai wa utendi, na mhakiki anayeishia kwenye beti za utiifu huupita bila kuuona.

Usinielewe visivyo. Sidai kwamba Mwana Kupona alikuwa mtetezi wa haki za wanawake. Kumvisha vazi hilo ni kumwonea. Wala Bandura hakuwa akiwafikiria watu wa Pate na Siyu. Hoja yangu ni kuwa ujamiishaji usitafutwe katika maneno ya wasia pekee, bali pia katika tendo lenyewe la kuusia.

Basi mwanafunzi atakayeandika kwamba Mwana Kupona ni kielelezo cha mwanamke msomi, akathibitisha kwa beti za mwanzo, mpe alama zake, hata kama mwongozo ulio mezani pako haukuitaja hoja hiyo.