Jembe na Nyumba

Mwaka 1965, mpiga kura wa Tanzania Bara aliweza kumchagua mbunge bila kusoma hata herufi moja. Katika majimbo yenye ushindani walisimama wagombea wawili, wote wa chama cha TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake ya nyumba.

Huwa nauangalia uteuzi ule wa alama kama seremala anavyokipindua kiti cha mwenzake ili aone viungo. Kwanza, kitu chenyewe lazima kila mtu akitaje papo hapo, Kigoma hata Mtwara. Mashua isingefaa, wa Dodoma angeizoea wapi? Pili, mchoro uvumilie wino unaosambaa, mwanga hafifu na macho ya bibi. Jembe huvumilia: bapa, mpini, basi. Nyumba nayo ni paa, kuta na mlango. Ukimchorea pazia dirishani umeshamtia mtu mashaka, kwani sasa atajiuliza kama anaulizwa habari za pazia. Kazi kubwa ya mchoraji wa aina hii ni kufuta, na anayefuta vizuri hasifiwi, maana hakuna kinachoonekana.

Halafu anampelekea mama muuza mboga, anauliza, "Hiki nini?" na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Ulimi unawasha kumsaidia.

Lakini picha haijui kukaa kimya. Waliopata jembe walijinadi kwamba jembe ndilo linalolisha watu. Wa nyumba nao hawakukosa la kusema. Alama iliyokusudiwa kumtambulisha mtu tu ikaanza kumpigia debe.

Kenya, tarehe 21 Novemba 2005, kura ya maoni ya katiba ilikuja na matunda: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa la. Kwa macho ya fundi, jozi hiyo ni tamu kweli. Moja refu lililopinda, jingine duara. Hata karatasi ichapwe vibaya namna gani huwezi kuyachanganya, na yote yapo kila genge. Sikio la Kiswahili, zaidi ya hayo, linasikia ndizi na ndiyo zikianza pamoja. Chungwa likashinda, wala halikurudi gengeni: likawa jina la chama, Orange Democratic Movement (ODM).

Mwaka 2010 katiba nyingine ilipopigiwa kura, matunda yaliwekwa kando, zikachukuliwa rangi. Ndiyo ikapewa kijani, la ikapewa nyekundu. Nami nikawaza taa za barabarani.