Muuaji Anaposimuliwa, Nani Anawakumbuka Wafu?



Jioni moja kaeni na watu wa Lubumbashi, mkataje jina la Gédéon Kyungu Mutanga. Mtasikia hadithi ndefu: namna alivyotoka gereza la Kasapa tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walipolishambulia na wafungwa zaidi ya 900 wakakimbia; namna alivyojitoa porini katika Oktoba 2016, akapokewa kwa sherehe; namna alivyotoroka tena katika Machi 2020. Wengine watacheka. Lakini mkiuliza, «Wale waliouawa walikuwa nani?», wote watanyamaza.

Juu ya ukimya ule iko sinema moja ya zamani inayoweza kutufundisha. Jina lake ni M, kwa Kifaransa M le Maudit. Fritz Lang aliitoa kule Ujerumani mwaka 1931. Mtu mmoja anaua watoto mjini. Polisi wanamtafuta, wezi nao wanamtafuta, kwa kuwa misako ya polisi inaharibu kazi yao. Kipofu anamtambua kwa mluzi wake, na kijana anamtia begani herufi M kwa chaki. Wezi wanamkamata na kumhukumu wao wenyewe, na mkubwa wao ni mtu aliyekwisha kuua.

Uzuri wa sinema hii ni kwamba haionyeshi damu. Inaonyesha sahani ya mtoto mezani, na mama anayeita ngazini bila kujibiwa. Tena haimalizi kwa muuaji, inamaliza kwa akina mama wanaolia.

Lakini ina upungufu. Mbele ya wezi muuaji anasema kwamba hawezi kujizuia. Wengi wanataka afe; mtetezi wake anataka apelekwe kwa waganga. Neno la kitubio halitajwi hata kidogo. Msomaji wa Maandiko ataona jambo lingine: alama ya Kaini ilimlinda asiuawe, lakini ile herufi ya chaki ilimtoa mikononi mwa wauaji.

Sasa turudi kwetu. Gédéon aliongoza Mai-Mai katika nchi za Mitwaba, Manono na Pweto. Vijiji vilichomwa, watu kwa maelfu wakakimbia. Katika Mei 2006 alijitoa Mitwaba kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Machi 2009 tribinali ya kijeshi kule Kipushi ilimhukumu kufa kwa makosa juu ya ubinadamu. Sisi hatuombi damu yake. Toka mwaka 2018 Katekisimu inafundisha wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Lakini kutokuua si kusahau. Kule Kipushi watu walioumizwa walisimama mbele ya waamuzi. Katika sherehe ya 2016 nani aliwataja? Lang, asiyehubiri Injili, aliwaachia akina mama neno la mwisho. Sisi wakristu tulimwachia muuaji.

Ninyi mafratri, mkiionyesha sinema hii, zungumzeni pia juu ya Mitwaba. Ninyi walimu wa dini, hadithi ya kutoroka ikianza, ulizeni kwanza majina ya wafu, kisha yaleteni kwenye Misa. Mungu hakumwuliza Kaini namna alivyokimbia. Alimwuliza habari za ndugu yake.