Mwuaji mwenye adabu

Wandugu wasomi, hadithi fupi nyingi tunazotumiana siku hizi ziko na mwuaji, na karibu kila mara ni mtu mmoja: macho mekundu, kicheko cha usiku, kovu mu uso. Kabla ya mwisho tunaambiwa mama wa kambo alikuwa anamupiga. Kisha mwandishi anaandika "alikuwa psikopati" na anafikiri kazi imekwisha. Kwangu mimi, pale njo hadithi inakufa.

Fungueni tena Edgar Allan Poe. Wengi wetu tulimusoma mu Kifaransa cha Baudelaire, na watu wanapenda sana ile ya 1843, ya moyo unaodunda chini ya mbao za sakafu. Ni nzuri, sibishi. Lakini yule musimulizi si psikopati hata kidogo: anatetemeka, anasikia kile wengine hawasikii, mwisho anajitoboa siri mwenyewe mbele ya polisi. Ni mgonjwa. Psikopati wa kweli yuko mu hadithi ya 1846, ya pipa la amontillado. Montresor anamushusha Fortunato, mlevi wa sikukuu, mpaka chini kwenye makaburi ya ukoo, anamufunga minyororo na kumujengea ukuta. Anasimulia nusu karne baadaye, na sauti yake haitetemeki.

Angalieni Poe anavyofanya. Fortunato anakohoa; Montresor anamubembeleza warudi, afya yako ni ya maana, ndugu. Na wanaendelea kushuka. Watumishi wa nyumba je? Aliwaambia atarudi asubuhi na akawakataza kutoka, juu alijua akigeuza mugongo tu, wote watakimbia. Huyu mtu anawajua watu kama fundi anavyojua injini. Matusi aliyotendewa, hatuambiwi hata moja. Karibu na mwisho moyo wake unaugua kidogo, na mara anasingizia unyevu wa mule chini. Wengine wanaona pale toba. Mimi naona mtu aliyesikia kitu ndani yake na hana jina la kukipa. Ile sentensi inashinda kurasa kumi za utoto mbaya.

Daktari mmoja wa Marekani, Hervey Cleckley, alipoandika juu ya watu hawa mu 1941, alikipa kitabu chake jina la kinyago cha akili timamu. Kinyago, si pembe. Mu hadithi ya Joyce Carol Oates ya 1966, Arnold Friend anasimama mbele ya mlango wa Connie. Havunji kitu. Anatabasamu, na hata vitisho vyake anavisema kwa sauti ya muchumba. Paka buti zake njo zinamusaliti: anayumba, kama vile ameweka kitu ndani ili aonekane murefu. Oates alianzia kwenye kesi ya kweli ya Charles Schmid, mwuaji wa Tucson, aliyekuwa anajaza viatu vyake. Angeweza kutupa kesi nzima, alichukua viatu.

Juu ya nini nakasirika? Juu hapa kwetu yule anayetembea peku barabarani akiongea peke yake njo watoto wanamurushia mawe, na hadithi zetu zinamuongezea panga mukononi. Lakini yule wa shati safi, anayesalimia mama vizuri, anayemuahidi binti kazi mu mji mwingine, hakuna anayemuandika. Dada zetu wanasoma na wanajifunza kumuogopa mtu asiye yeye.

Misfit wa Flannery O'Connor, 1953, namuweka pembeni kwa shaka. Anaomba radhi mbele ya wanawake juu hana shati, na saa ile ile familia inapelekwa porini kikundi baada ya kikundi. Adabu iko, ubaridi uko. Lakini habari ya Yesu inamusumbua kikweli, mpaka sauti inataka kukatika, na Montresor hangesumbuka namna ile. Mwenye kumuona tofauti, aniambie.