Angemwacha Ahangaike

Kipindi cha televisheni cha marudio ya fasihi cha Jumamosi mmekitazama, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia chote. Niende moja kwa moja pale mwalimu aliposema "fungueni vitabu". Pale ndipo somo lilipokufa.

Turudishe mkanda. Tamthiliya ni Ngoswe ya Edwin Semzaba. Swali lilikuwa zuri: kwa nini Ngengemkeni Mitomingi alizichoma karatasi za sensa? Binti wa dawati la mbele akasimama, mikono mitupu. Akaanza, "Mzee alikasirika kwa sababu Ngoswe…" akakwama. Mliomtazama vizuri mliona macho yamepanda darini, midomo inachezacheza, kidole kinagonga dawati. Asiyejua hafanyi hivyo. Asiyejua hutazama chini au humtazama jirani. Huyu alikuwa anatafuta, na jina la Mazoea, bintiye mzee yule, lilikuwa njiani. Mwalimu akavumilia kimya kama sekunde tatu, kikamshinda. Haya, fungueni vitabu, tusome pamoja. Kurasa zikafunuliwa, jibu likasomwa kwa sauti, kalamu za njano zikapita juu yake. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!"

Binti akaketi. Kamera haikumrudia tena.

Kilichokatizwa pale ni kujifunza kwenyewe. Kulivuta jambo kutoka kichwani, hasa linapokataa kuja, ndiko kunakolikaza. Kuliona tena kwenye ukurasa hakulikazi kiasi hicho. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walilipima mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne. Lingine lilikisoma mara moja tu, kisha likakifunga na kuandika linachokumbuka, mara tatu, bila hata kusahihishwa. Baada ya dakika 5 wasomaji wa mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja matokeo yakapinduka: wao 40, wenzao 61. Na linalonikera zaidi ni hili: wasomaji wa mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ile "ndiyooo" ya Jumamosi ndiyo hiyo hiyo. Mwalimu alipima baada ya dakika 5 akadhani amefaulu.

Wapo watakaoniambia kimya ni hasara kwenye televisheni. Hasara ya nani? Mtoto aliyeko sebuleni Kahama au Newala naye alikuwa anatafuta jibu wakati ule. Kile kimya kilikuwa chake. Mwalimu alimpokonya naye.

Wala sidai angemwacha binti asimame mpaka aaibike. Angengoja kidogo, kisha angetupa kijiswali: Mazoea yuko wapi wakati huo? Kama bado, mwenzake wa nyuma angeombwa aendeleze sentensi pale ilipokatikia. Hata wangekosea, si neno. Aliyekisia vibaya kisha akasahihishwa hulishika jibu kuliko aliyepewa kabla hajajaribu. Kitabu kingefunguliwa mwishoni, kwa kazi moja tu ya kuhakiki. Mpangilio huo haudai kifaa wala bajeti. Unadai mwalimu anayeweza kuvumilia kimya.

Mengine aliyafanya vizuri: sauti, usomaji wa majibizano, ule mchoro wa wahusika ubaoni.

Sasa kalamu za njano. Nimezilalamikia hapa mpaka mhariri amechoka, lakini nazirudia kwa kuwa zinarudi. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujisomea na kuzipanga kwa manufaa. Kupaka rangi na kurudia kusoma ziliangukia fungu la chini. Juu kabisa zilikaa mbili: kujiuliza maswali na kutawanya marudio kwa siku. Ukurasa uliopakwa wote njano humfundisha mtoto mahali jibu lilipo. Chumba cha mtihani hakina ukurasa huo.

Na hapa ndipo wenzetu wa semina za ualimu wanaponichefua. Wamezoea kuwacheka watoto wa chuoni, yaani madrasa, wa kwa maalimu, kwamba wanakariri tu. Nendeni mkaone kazi inavyofanywa. Anayehifadhi msahafu haukodolei macho mpaka azeeke. Humkabidhi mwalimu, akasoma kwa ghibu. Akikwama, maalimu hungoja. Akiona kweli mtoto amenasa, humtupia neno moja, si aya nzima, na mtoto huondoka nalo. Kabla ya kupokea kipya hudurusu cha jana, na juzuu za nyuma huzungushwa zisipotee, mpaka zitimie 30. Mbinu zote mbili za juu za Dunlosky zimo humo, kwenye mkeka, karne nyingi kabla yake. Kama maana haifundishwi vya kutosha, hilo ni shauri jingine na nitalijadili na yeyote, lakini kwa ufundi wa kukumbuka, maalimu angemfunga mwalimu wetu wa Jumamosi mabao mengi. Hata mashairi ya Muyaka, aliyefariki 1840, yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajakaa na mmisionari W. E. Taylor kuyaandika. Nani kati ya wanafunzi wetu atakuwa na ubeti mmoja kichwani mwezi mmoja baada ya pepa?

Kosa la pili lilikuja mwishoni, na wengi hawakuliona. "Ngoswe tumemaliza," alisema, "wiki ijayo Takadini." Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Kitabu kilichomalizwa leo kisiulizwe tena mpaka hapo kitabaki jalada tu. Dakika mbili za mwanzo wa kila kipindi zingetosha: vitabu chini, swali moja la kitabu cha juzi, moja la kile cha mwezi uliopita. Badala yake likapita tangazo chini ya skrini kwamba muhtasari wa maswali na majibu utatumwa kwa WhatsApp kwa kila atakayeomba. Madesa tena.